Fimbo Yenye Jina

Karatasi zilikuwa mbili, ziliandikwa siku moja na askari mmoja, kwa kalamu moja ya buluu iliyokuwa ikikwamakwama. Ni ile fomu ya polisi, PF3, ambayo kama umepigwa na huna, hospitali hawakugusi. Ya kwanza ilikuwa ya Alute, mnunuzi wa kuku. Mahali pa kumtaja aliyempiga, askari aliandika: wananchi wenye hasira kali. Ya pili ilikuwa ya Eliya, mfugaji wa kitongoji cha Mbugani, kule nyuma ya Kintinku, aliyevunjika mkono wa kulia. Mahali pale pale askari aliandika: Manase, shemeji yake.

Manase aliziona zote kwa macho yake, kwa sababu yeye ndiye aliyempeleka Eliya kituoni. Alimpandisha kwenye pikipiki, akakaa nyuma yake, akamshika kiunoni njia nzima asidondoke. Mtu angewaona angesema huyu mzee anampenda sana mgonjwa wake. Na ni kweli alimpenda, Eliya ni mdogo wake Dorkas, mkewe, alimlea tangu hajaota ndevu. Lakini yeye ndiye aliyemvunja.

Askari alipouliza nani kampiga huyu, Manase akajibu, mimi. Askari akainua kichwa, akamwangalia, akaandika. Kisha akaelekeza kalamu kwenye benchi, alipolazwa Alute na shati lililogeuka rangi, akauliza na huyu je, nani kampiga? Walikuwepo wanaume sita wa Mbugani mle ndani. Wote sita wakaanza kuusoma ukuta.

Mwananchi mwenye hasira kali! Manase alilitafuna neno hilo mpaka anafika nyumbani. Ni nani huyo? Baba yake ni nani, anaishi kitongoji gani, ng'ombe wake wananywa wapi? Kila mwaka anapiga watu, wengine wanakufa, na hata siku moja hajaitwa barazani.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi.

Ilikuwa Jumatano ya mwezi wa kumi, saa tisa alasiri, jua la kukausha mate mdomoni. Filimbi ya sungusungu ikalia upande wa vichakani. Ukiisikia filimbi hiyo unaacha unachofanya, unachukua fimbo, unakimbia. Manase alikuwa anarekebisha mlango wa zizi. Akaacha nyundo, akachukua fimbo, akakimbia kama wengine, pamoja na miaka yake sitini na mitatu.

Alipofika akakuta Alute amekamatwa. Kila mtu alimjua. Alikuwa mtu wa Singida mjini, upande wa Mwankoko, na miaka miwili alikuwa anazunguka huku na baiskeli yake, matenga mawili nyuma, ananunua kuku nyumba kwa nyumba. Alikuwa mcheshi, alikula ugali kwenye nyumba nyingi, watoto walimwita mjomba. Sasa alikutwa kichakani, na mtamba wa mzee Philipo amefungwa mdomo kwa kitenge asilie, tayari kuondoka. Hapakuwa na cha kuuliza. Mwizi alikuwa mwizi. Hili ndilo lililomuudhi Manase kuliko yote baadaye: kama angekuwa mtu wa bure, aliyesingiziwa, watu wangekuja siku moja wakasema Manase ulikuwa na haki. Lakini hapana. Alute aliiba kweli, na alikuwa ameiba kwa wale waliomlisha.

Mbugani wana utaratibu wao. Mwizi akikamatwa, wanaume wanasimama duara, na kila nyumba inapiga fimbo moja. Mtu mmoja hapigi mbili, maana hapo itaonekana ana chuki yake binafsi. Wala hakuna nyumba inayoacha kupiga, maana asiyepiga ndiye atakayekwenda kusema. Fimbo ikishazunguka duara zima haina mwenyewe tena. Mwizi akipona amepona. Akifa, hakuna aliyemuua.

Kamanda wa sungusungu alikuwa Antipasi, mtu mfupi mwenye sauti kubwa, na si mtu mbaya. Hilo nalo lazima lisemwe. Mara mbili aliwakamata wezi wa ng'ombe akawapeleka polisi kwa mikono yake, bila hata kibao. Mara ya kwanza mwizi alitoka siku ya nne. Mara ya pili mwizi alitoka, akakutana na Antipasi mnadani, akamnunulia soda. Antipasi alisimulia habari ya ile soda kila mkutano, na kila akisimulia midomo ilimtetemeka.

Basi duara likaanza. Nyumba ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alute mwanzoni alikuwa analia na kuwataja watu kwa majina, anasema baba fulani nisamehe, nilikula kwako. Jambo la ajabu, aliyetajwa jina alipiga kwa nguvu zaidi. Kufika nyumba ya saba Alute alikuwa amepiga magoti na mikono yake imekata tamaa ya kujikinga.

Zamu ya Manase ilikuwa ya kumi na mbili. Aliingia katikati ya duara, akailaza fimbo yake chini, akasema huyu ametosha, apelekwe kituoni.

Wakacheka. Mmoja akamwambia amnunulie na soda kabisa. Antipasi hakucheka, alimwangalia tu.

"Mzee Manase, nyumba yako haina ng'ombe?"

"Ninao tisa. Unawajua."

"Basi piga. Hata kwa kugusa. Gusa tu urudi."

Na hapo ndipo ugumu ulipokuwa, kwa sababu Manase alishawahi kugusa tu. Kabla ya kurudi Mbugani alitembea sana mtu huyu. Miaka kumi na nne alikuwa kwenye gengi la reli, akihama na mataruma na kokoto, Saranda, Itigi, mpaka kule Tabora. Mwaka wa tisini na nane, Itigi, mtu alikamatwa ameingia kwenye kambi yao, na gengi lote likapiga, kila mtu kidogo. Manase alimpiga kwenye ugoko, fimbo nyepesi ya kumchapia mtoto. Asubuhi yake mtu yule alikuwa amekufa. Wakaulizana, na kila aliyeulizwa akasema yangu ilikuwa nyepesi. Walikuwa watu thelathini na mmoja. Fimbo thelathini na moja nyepesi, na mtu amekufa, na mchana wake wakaenda kazini kama kawaida wakagonga misumari ya reli. Manase hakumsimulia mtu isipokuwa Dorkas, tena baada ya miaka mingi.

Kwa hiyo hakugusa. Antipasi akasema sawa, tutaongea baadaye, akamruka, akaita nyumba ya kumi na tatu. Hiyo ilikuwa nyumba ya Eliya.

Eliya ni mtu wa nguvu za ajabu. Kwenye kisima cha kunyweshea ng'ombe yeye ndiye anayesimama chini kabisa, na kazi yoyote ukimpa haifanyi nusu. Ukimwambia funga mzigo, kamba inakatika. Aliingia katikati na fimbo yake ya mpingo, ile ya kuendea mnadani, akaishika kwa mikono miwili, akaiinua juu ya kichwa chake. Chini yake Alute ameinama, kisogo kiko wazi kama mtu anayesali.

Manase hakufikiri. Baadaye watu walimwambia alikuwa amepanga, lakini hakupanga kitu. Aliiokota fimbo yake chini na kuishusha kwenye mkono wa shemeji yake kwa nguvu zote alizobakiwa nazo. Mlio wake kila mtu aliusikia. Ng'ombe mwenyewe, yule mtamba, alishtuka akavuta kamba.

Eliya hakupiga kelele. Alikaa chini polepole, akaushika mkono wake kama mtu aliyeokota kitu asichokijua, akasema, "Shemeji?"

Duara likavunjika. Mzee Philipo, mwenye mtamba, akasema kwa sauti ya kuchoka kwamba inatosha sasa, ng'ombe wangu nimempata. Mtendaji wa kijiji akafika na gari la kukodi. Ndiyo hivyo Alute akaishi, na ndiyo hivyo karatasi zikawa mbili.

Alute hakuja kushukuru. Siku ya tatu alitoroka wodini na mbavu zake zilizofungwa, akaacha hata baiskeli. Baada ya wiki mtu akasema amemwona upande wa Iramba, Kinampanda, ananunua kuku. Habari hiyo ilipofika Mbugani, watu walimwangalia Manase kama vile kuku wenyewe wananunuliwa kwa pesa yake.

Siku ile kule kituoni, askari alimuuliza Manase peke yake: mzee, wewe ulikuwepo, hukupiga, hebu nitajie waliompiga yule. Manase aliwajua wote kumi na mmoja kwa mpangilio, kuanzia wa kwanza. Aliufungua mdomo. Akaona nyuso zao, akaona watoto wao, akaufunga. Akasema hakuona vizuri. Alipotoka nje alijichukia hata akashindwa kutema mate. Kumvunja shemeji yake aliweza, kutaja jina la mtu ameshindwa. Askari akawaambia mambo ya mkono wa Eliya wakayamalize nyumbani, wao ni ndugu.

Jumapili ya wiki ile ile, jioni, sungusungu wakakaa. Antipasi aliongea kwa heshima, alimwita Manase mzee wetu. Akasema hatuhitaji faini, hatuhitaji ng'ombe wako. Tunataka neno moja tu, usimame hapa useme, nilikosa nilipompiga Eliya. Ukishasema, mambo yameisha, kesho tunanywesha pamoja.

Manase akasimama.

"Kwa mkono wa Eliya ninaumia," alisema. "Sijalala tangu siku ile, mke wangu shahidi. Lakini mkinirudisha pale, na ile fimbo iko juu vile ilivyokuwa, nitapiga tena. Sasa nikisema nilikosa nitakuwa nimewadanganya."

Antipasi akamuuliza, taratibu, kama mwalimu, "Kumpiga mwizi wewe ulisema ni vibaya?"

"Nilisema."

"Na kumpiga Eliya, ambaye hajaiba hata yai?"

Manase alitafuta jibu. Lilikuwepo kifuani, aliliona kabisa, lakini halikuja na maneno. Watu wakaanza kuguna, mmoja akasema huyo anachagua wa kumpiga. Wakamtenga.

Kutengwa Mbugani ni kwamba hupewi moto, hupewi chumvi, hupewi salamu. Ukisema mbukwenyi, mtu anapita kama umemsalimia mti. Hayo mzee aliyezoea kulala kwenye stesheni za watu anaweza kuyavumilia. Lakini kutengwa ni kisima pia, na ng'ombe hawavumilii kiu.

Mwezi wa kumi korongo lote ni mchanga mtupu. Maji yako chini, unayachimbia. Kisima chao kilikuwa cha nyumba nne: Antipasi, Philipo, Eliya na Manase. Kilikuwa na kina cha watu wanne, na upana wa mtu mmoja na nusu. Kila nyumba inatoa mtu mmoja. Wa kwanza anasimama chini kabisa kwenye maji, wa pili juu yake kwenye ngazi iliyochongwa ukutani, wa tatu juu yake, na wa nne mdomoni kwenye jua. Dumu lililokatwa linapanda mkono kwa mkono, linamwagwa kwenye hori la udongo, ng'ombe wananywa, dumu linarushwa chini. Akikosekana mmoja, mikono haifikiani.

Sasa walikosekana wawili. Eliya ana hogo la plasta kutoka kiwiko mpaka vidole, na Manase ametengwa. Alibaki Antipasi juu, na Benjamin, mtoto wa mzee Philipo, na Aneth, binti wa Eliya, msichana wa miaka ishirini aliyeshuka chini mahali pa baba yake. Pengo walilifunga kwa kamba. Kazi iliyokuwa inaisha saa nne asubuhi ikawa inaisha saa kumi, na ng'ombe wa Antipasi mwenyewe walikuwa wanalia kwa kiu mchana kutwa kwa sababu ya hukumu ya Antipasi mwenyewe. Lakini hakuna aliyemwambia.

Manase na Dorkas waliwapeleka ng'ombe wao tisa kwenye lambo la mbali, saa tatu kwenda, saa tatu kurudi. Ng'ombe akitembea saa sita kwa ajili ya maji anakuwa ameyatumia yote njiani. Wiki ya pili mbavu zikaanza kuhesabika. Wiki ya tatu ng'ombe mmoja mwenye ndama alilala njiani akagoma kuinuka. Walimsukuma, wakamvuta mkia, Manase akainua fimbo ampige, akaona fimbo iko juu, akaishusha bila kupiga, akakaa chini mchangani kando ya ng'ombe.

Dorkas alikuwa amesimama na kitenge kichwani.

"Sema nilikosa," alisema. "Neno moja, Manase. Watu wanasema uongo mkubwa kwa mambo madogo."

"Wewe unaona nilikosa?"

"Mimi ninaona mdogo wangu analishwa ugali na binti yake kama mtoto. Ninaona mume wangu anaua ng'ombe. Mwizi simwoni. Yuko Kinampanda anakula mayai."

Ng'ombe aliinuka mwenyewe baadaye, alivyotaka yeye.

Kesho yake, mchana, Manase alikwenda kwa Eliya. Ilikuwa mara ya kwanza tangu hospitali. Eliya alikuwa amekaa kivulini, ukutani mwa tembe lake, hogo limelala mapajani. Kumsalimia Manase hakukuruhusiwa, basi hakumsalimia. Aneth alitoka ndani na kigoda, akakiweka karibu na shemeji wa baba yake bila kumtazama, kana kwamba amekisahau tu pale, akarudi ndani. Manase akakaa kwenye kigoda kilichosahauliwa.

Kuku wakapita. Mwishowe Eliya akasema, akiwa anaangalia zizi:

"Ningepiga chini."

"Nini?"

"Ile fimbo, shemeji. Nilikuwa naipeleka chini, pembeni ya kichwa chake. Vumbi liruke, watu waone Eliya kapiga, yaishe. Ningepiga chini."

Manase akakigeuza kigoda kumwelekea.

"Uliinua kwa mikono miwili."

"Ukitaka watu waamini, unainua kwa mikono miwili."

"Macho yako hayakuwa chini."

"Macho yangu hukuyaona. Wewe uliangalia mkono." Eliya akacheka kidogo, bila furaha. "Ndiyo maana hukuukosa."

"Unasema kweli, au unanitesa?"

Eliya alifikiri. Si mtu wa maneno mengi, na kufikiri kwake kunaonekana usoni kama mtu anayepanda mlima.

"Hata mimi sasa sijui," alisema. "Kila nikilala, mkono ukianza kupwita, ninasema moyoni, ningepiga chini. Labda mkono usingeuma nisingesema. Lakini hukuningoja, shemeji. Hukuningoja nione mwenyewe ningefanya nini. Hilo ndilo linaloniuma, siyo mfupa. Mfupa unaunga."

Manase akainuka. Alitembea kurudi nyumbani, na kila hatua alitaka kupiga kitu. Alipiga kisiki teke, akaumia kidole, akakitukana kisiki kwa Kigogo na kwa Kiswahili. Miaka ishirini na zaidi alikuwa amebeba mtu wa Itigi aliyekufa kwa fimbo nyepesi. Alidhani amemlipa. Alidhani siku ile alipiga fimbo moja ya haki, yenye mwenyewe, yenye jina, iliyookoa mtu. Kumbe hata hiyo hawezi kuijua. Kama angengoja nusu ya pumzi, labda kichwa cha Alute kingepasuka. Au labda vumbi lingeruka. Na hiyo nusu ya pumzi hairudi, hata akikaa barazani na akina Antipasi mia moja. Angeweza kwenda sasa hivi akasema nilikosa, na bado asingejua kama amesema uongo au ukweli.

Kitu kimoja tu alikijua. Mahali pa Eliya kisimani sasa alisimama msichana, na aliyemshusha humo ni yeye.

Asubuhi, jua halijatoka vizuri, Manase alishuka kisimani peke yake. Alivua viatu, akashuka ngazi moja moja mpaka chini, maji yakamfika magotini, baridi ya kuuma mifupa. Akachota mchanga uliojaa, akautupa pembeni, akasafisha. Alipomaliza akasikia miguu ya ng'ombe juu, na sauti ya Aneth, na kikohozi cha Benjamin. Kichwa cha Antipasi kikaonekana kwenye tundu la anga.

"Nani huyo?"

"Manase."

Antipasi akasema kwa ile sauti ya mkutano kwamba mtu aliyetengwa hapewi maji hapa.

"Sijaja kupewa," Manase akajibu kutoka chini. "Mmenikataza kupewa, kutoa hamkunikataza. Ng'ombe wangu wako na Dorkas kule mbali, hawatasogea. Nimekuja kusimama mahali pa Eliya. Shukeni tupandishe dumu."

Hakuna aliyeshuka. Dumu lenyewe lilikuwa mle mle chini, limefungwa kwa kamba yao. Manase akalifungua, akalijaza, akaliinua juu ya kichwa kwa mikono miwili. Ngazi ya pili haikuwa na mtu. Akabaki ameliinua hivyo hivyo.

Juu walianza kubishana. Antipasi akamwambia Benjamin ashuke amtoe. Benjamin akaingiza kichwa, akaangalia lile shimo la upana wa mtu mmoja na nusu.

"Nishuke peke yangu?"

"Kwani wewe mtoto?"

"Basi shuka wewe, kamanda."

Na Antipasi akashuka. Alishuka ngazi mbili na fimbo yake mkononi, akataka kuiinua, ncha ikagonga ukuta, mchanga ukamwagikia watu wote wawili. Akajaribu upande wa pili, ikagonga tena. Humo ndani kundi haliingii. Aliegemea ukuta akihema, anamwangalia mzee aliyeinua dumu, maji yanatiririka kwenye makwapa.

"Nikikuvuta ukavunjika," Antipasi alisema, taratibu, kwa sauti isiyo ya mkutano, "itaandikwa mimi."

"Ndiyo. Antipasi, kamanda wa sungusungu, Mbugani. Tena uandike vizuri, yule askari kalamu yake mbaya."

Antipasi akapanda, na alipofika juu Manase alimsikia akiwaambia wenzake kwamba mzee huyu ni mwehu, mwacheni humo mpaka achoke.

Na kuchoka alikuwa anachoka. Mabega yaliwaka moto. Angeweza kulishusha dumu, hakuna aliyemkataza, lakini aliona akilishusha hataliinua tena. Juu ng'ombe walikuwa wanalia. Alifumba macho. Alimkasirikia Antipasi, akamkasirikia Alute na mayai yake ya Kinampanda, akamkasirikia yule askari, akamkasirikia Eliya na neno lake la kupiga chini, na zaidi ya wote akajikasirikia yeye, ambaye kwenye maisha yake alipiga fimbo mbili tu za maana, ya kwanza akaipiga ili afanane na wengine, ya pili ili asifanane nao, na zote mbili mpaka leo hajui zilifika wapi.

Mchanga ukamdondokea usoni. Mtu alikuwa anashuka, vibaya, kwa kuburuza miguu ukutani, anaguna kila ngazi. Manase akafumbua macho, akaona nyayo pana za Eliya zinatafuta pa kukanyaga, na hogo jeupe limebanwa kifuani lisigonge ukuta. Aneth alikuwa anapiga kelele juu kwamba baba utaanguka, daktari amekataza. Eliya hakumjibu. Alikaza mgongo kwenye ukuta wa ngazi ya pili, akainama, akanyoosha mkono wa kushoto.

Akalishika dumu. Mkono mmoja haukutosha, dumu likainama, na nusu nzima ya maji ikamwagikia kichwa cha Manase, ikaingia puani, ikashuka mgongoni, baridi kama kifo.

"Usijaze hivyo," Eliya alisema kwa hasira. "Huoni nina mkono mmoja?"

Manase alikohoa maji. Alitaka kusema jambo, lakini Eliya alikuwa ameshageuka, analipandisha dumu lenye nusu kwa Benjamin, aliyekuwa tayari kwenye ngazi ya tatu. Juu kabisa mtu alilipokea, na maji yakasikika yakimwagika kwenye hori. Ng'ombe wa Eliya ndio walioanza kunywa. Kwa mbali, ng'ambo ya korongo, ng'ombe tisa walisikia mlio wa maji wakaanza kulia, na Dorkas anawazuia kwa fimbo, anawatukana, anangoja mtu amwambie walete. Hakuna aliyemwambia.

Dumu likarudi chini. Manase akachota, safari hii nusu.